Rupia Niliyoinyoa Ndevu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya usonara lilikuwa usafi. Sikuiba, sikuvunja, sikuunguza kitu. Nilisugua. Nilisugua kitu kisichosuguliwa, na kwa sababu hiyo mwanamke mmoja wa Ng'ambo alipunjwa dhahabu yake kwa mkono wangu, na mzee aliyenifunza kazi akakaribia kupoteza jina alilolijenga maisha yake yote. Nawaandikia vijana wanaoingia katika kazi hii sasa, na nimeshazeeka mno kuweza kujipamba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka ule thumni ya Malkia wa Uingereza ilipoanza kuonekana Unguja. Thumni ndiyo senti hamsini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Asubuhi ya siku ya kwanza nilivuka Darajani kutoka kwetu Ng'ambo kuingia Mjini, nimevaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mkunjo wa bega haukukaa sawa. Nilifika dukani kabla halijafunguliwa, nikasimama uchochoroni nikizihesabu kucha zangu kama zote ni safi.

Bwana wangu wa kwanza alikuwa Fundi Msa. Mtaani wakimwita Fundi Mkubwa, si kwa umbo, maana alikuwa mwembamba kama uzi, bali kwa sababu masonara wengine walimletea yeye kazi zilizowashinda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ndo we Haji?"

"Naam."

"Lete mikono."

Hakuitazama, aliipapasa, kidole baada ya kidole. Baadaye ndipo nikajua sababu. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumwingia macho yote mawili, na mtu aliyesimama mbele yake alimwona kama kivuli ndani ya moshi.

"Umejifunza kwa nani?"

"Sikujifunza kwa mtu, Fundi. Nimejifunza mwenyewe."

"Basi ulikuwa na mwalimu mjinga sawasawa na mwanafunzi. Kaa hapo."

Ilikuwa kweli. Nilijifunza kwa senti za tundu. Nilikuwa nikiikandamiza senti kumi kwenye kipande cha sabuni hadi taji na pembe mbili za ndovu zitokeze, kisha nikiinakili alama ile kwenye bati la kopo kwa msumari. Pembe ya kushoto ikizidi ya kulia hata unywele, nilitupa bati na kuanza upya. Mama akilalamika kwamba sabuni za nyumba nzima zina tundu katikati. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika imetokana na tabia hiyo.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye baraza. Fuawe ndogo ya kufulia, kalibu ya udongo ya kuyeyushia, mrija wa kupulizia moto, jiwe jeusi la kukwaruzia dhahabu ili kuujua ubora wake, na mizani. Mizani ilikuwa na vitanga viwili vya shaba vilivyoning'inia ndani ya kijisanduku cha kioo, upepo usivitikise. Kipimo chetu kilikuwa tola, na uzito wa tola moja ulikuwa sawa na uzito wa rupia moja ya fedha. Rupia ilikuwa imeshaondoshwa sokoni kabla mimi sijazaliwa, shilingi ikakaa mahali pake, lakini kwenye mizani ya sonara rupia ilikuwa bado haijastaafu. Kwa uzito mdogo kuliko huo tulitumia mbegu za tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Mbegu tisini na sita zilikuwa tola moja.

Rupia ya Fundi Msa ilikuwa na mfalme wa zamani, kichwa wazi, mwenye ndevu nene. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Ikikaa ndani ya kijaluba, kisanduku chake kidogo, ikitolewa kwa kushikwa kingo tu, ikirudishwa. Hakuniambia isioshwe, kama vile mtu asivyomwambia mgeni kwamba sabuni hailiwi. Kila sonara alijua. Mimi nilikuwa nimejifunza mwenyewe.

Mwezi wangu wa pili pale dukani Fundi Msa alikwenda Uroa kwenye arusi ya mtoto wa dada yake, akaniachia duka siku tatu. "Usipokee kazi, usiyeyushe kitu. Fagia, na kaa," alisema. Nilifagia. Nilikaa. Kisha nikafungua kijaluba, na weusi wa ile rupia ukaniwasha kama upele.

Siku ya kwanza niliisugua kwa majivu na ndimu, kama tusuguavyo sufuria kwetu. Iling'aa shavuni, lakini ndani ya mikunjo ya ndevu weusi uligoma. Siku ya pili niliongeza mchanga mlaini wa pwani. Siku ya tatu nilitwanga kipande cha tofali nikakichekecha kwa kitambaa, nikasugua kutoka asubuhi hadi alasiri. Weusi ukatoka kwenye mikunjo. Sikugundua kwamba na mikunjo yenyewe ilitoka.

Aliporudi nilingoja anisifu. Alifungua kijaluba, akafunga. Macho yake hayakuona tofauti, nami niliona haya kuomba sifa. Isitoshe, tangu wiki ya tatu kupima kulikuwa kazi yangu. Yeye akisema, "We ndo macho yangu, Haji," nami nikiweka mizani na kumsomea.

Sasa nimtaje mteja wetu. Bi Patima alikuwa mjane wa Ng'ambo, mshona kofia, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Kabla ya safari ya Uroa alituletea dhahabu ya marehemu mama yake, vipuli vilivyopinda na mkufu uliokatika, tumfanyie binti yake bangili mbili za arusi. Tulipima mbele yake kwa rupia iliyokuwa bado nyeusi: tola mbili kamili. Fundi Msa alifua bangili, kila moja ya tola moja, na siku ya kukabidhi akaniambia nipime.

"Imezidi kidogo, Fundi," nilisema. "Na ya pili pia."

Alizipapasa zote mbili. "Ajabu. Dhahabu motoni hupungua, haizidi. Labda lehemu yangu imekuwa nyingi." Lehemu ni ile dhahabu laini tunayounganishia, na hiyo ilikuwa mali ya duka. "Kata ncha, palingane."

Nilikata ncha ya ndani ya kila bangili, nikalainisha kwa tupa, nikapima tena. Zikalingana sawasawa. Vipande viwili, kila kimoja kama punje ya mtama, nikavitia ndani ya kikopo cha duka. Niliona fahari kwa jinsi mkato ulivyokuwa hauonekani.

Bi Patima alizivaa, akazitikisa, akacheka. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa sarafu.

"Fundi, hebu pokea ajabu hii. Mfalme kageuka mwanamke!"

Ilikuwa thumni mpya. Mfalme alikuwa amefariki, na sasa kichwa chenye taji kilikuwa cha Malkia. Fundi Msa alipitisha kidole gumba juu yake taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga.

"Kweli mwanamke. Na anatazama upande wa pili. Yule wa mwanzo akitazama kushoto, huyu kulia."

"Kamkasirikia baba yake?" Bi Patima akauliza.

"Ndo desturi yao. Kila ajaye humpa mgongo aliyetoka."

"Kama wake wenza!" Bi Patima akasema, akaenda zake huku bangili zikilia mkononi.

Fundi Msa alifurahi siku ile, na alipofurahi alifundisha. Aliniagiza nishushe ubao uliokuwa ukutani, alioupigilia sarafu kwa safu, akaanza kunisomesha kwa kidole chake.

"Hii ya shaba ni pesa ya Sultani wa zamani. Gusa. Unapata nini?"

"Mizani, Fundi. Vitanga viwili."

"Enhe. Wakati huo sarafu ya sokoni ilikuwa na picha ya mizani. Halafu zikaja hizi za tundu, taji na pembe. Hii hapa jina lake ni la mfalme aliyekaa kidogo akaacha kiti. Jina tulilipata, sura yake hatukuipata. Haya, hizi shilingi mbili za huyu marehemu. Simba yule yule, milima ile ile. Niambie tofauti."

Nilizitazama mpaka macho yakauma. "Maneno, Fundi. Yanayozunguka kichwa. Hii ina maneno marefu, hii mafupi."

"Marefu yanamwita mtawala wa Uhindi. Uhindi ikajitawala, maneno yakafupishwa. Sasa zipige kwenye jiwe."

Nilizipiga. Zililia sauti mbili.

"Ya maneno marefu ina robo ya fedha ndani yake. Ya maneno mafupi haina hata chembe. Wengi wameona maneno yamepungua, wachache wameuliza kilichopungua chengine. Shika hilo, Haji. Sarafu haibadiliki sura bure. Ikibadilika sura, iulize na uzito wake. Hata ikifutika tu, iulize. Pale palipoinuka ndipo panapoliwa mwanzo: bega la simba, nywele za juu ya sikio, ndevu." Akanyoosha mkono. "Lete rupia ya mizani nikuoneshe. Ndevu zake zote zimo, ndo maana naiamini."

Niliitazama ile rupia ndani ya kijaluba. Ilikuwa nyeupe kama jino, na kidevu cha mfalme kilikuwa laini kama changu.

"Iko chini ya vitu, Fundi," nilisema. "Ntakupa baadaye."

Alipokwenda msikitini adhuhuri niliweka rupia kwenye kitanga kimoja na kuanza kutia mbegu za tipitipi upande wa pili. Mbegu tisini na tano zilipotimia, mizani ilisimama sawa. Nilitia ya tisini na sita, kitanga cha mbegu kikashuka. Nilizimwaga nikazihesabu upya, mara tatu, nikiomba nimekosea hesabu. Sikukosea. Bangili za Bi Patima hazikuzidi. Rupia ndiyo iliyopungua, na vile vipande viwili ndani ya kikopo vilikuwa mali yake.

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilikimbia msikitini nikasema kweli. Sikufanya hivyo. Niliwasha kibatari nikaifukiza ile rupia moshi hadi ikawa nyeusi, nikaifuta kingo, nikairudisha mahali pake. Kazi niliifanya vizuri, na ndilo linaloniumiza hadi leo. Hata udanganyifu wangu ulikuwa safi.

Siku tano nilikuwa sili vizuri. Mteja akija kupima nilikuwa nikiongeza mbegu moja ya tipitipi kando ya rupia kwa siri, ili asipunjwe mwengine. Nikajiambia kwamba kosa limeshatengenezwa. Lakini kila nilipopita Ng'ambo jioni, Bi Patima alikuwa barazani na kofia yake mkononi, ananiita: "Haji, mwanangu! Mwambie Fundi watu wote wanazisifu!" Nami nikijibu "Naam" nikikaza mwendo.

Siku ya sita alikuja Mkaguzi wa Mizani. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, Mswahili wa Mjini, mwenye suruali fupi iliyonyooka na kisanduku cha vipimo vya shaba vilivyolala juu ya mahameli. Alikuwa akizunguka madukani na sokoni. Kwa masonara alivumilia rupia za wazee, kwa sharti moja tu: ziwe kamili.

"Shikamoo, Fundi Msa. Kwako huwa nnakuja kunywa kahawa tu, lakini kazi ni kazi."

"Marahaba. Pima, Bwana Mkaguzi. Haji, mpe."

Nilimpa. Aliweka kipimo chake cha tola upande mmoja na rupia upande wa pili. Kipimo chake kikashuka. Aliguna, akabadilisha pande. Kikashuka tena.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "rupia yako inakula."

Uchochoroni palikuwa na watu wawili watatu wanaosubiri kuona. Nilimwona Fundi Msa akigeuza uso kunielekea, macho yale ya moshi yakinitafuta, nikadhani ameshajua. Kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Macho yangu, Bwana. Miaka imepita, nayo imelika, mimi sikuona. Andika kosa ni langu."

Mkaguzi akatoa kalamu. Alikuwa aandike jina la mtu ambaye Mji mzima ulimwamini, kwamba anapunja.

"Haikulika," nilisema. "Mimi nliisugua. Kwa tofali. Halafu nkaifukiza moshi isijulikane. Fundi hajui. Na nimekata dhahabu ya Bi Patima."

Kalamu ilisimama. Mtu mmoja nje alicheka, akanyamazishwa. Fundi Msa alinyoosha mkono, na safari hii nikamwekea rupia kiganjani. Alipitisha kidole gumba kwenye kidevu cha mfalme, akarudia, akarudia tena.

"Laa haula," alisema. "Haji. Umemnyoa Mfalme ndevu!"

Mkaguzi alijitahidi kuzuia kicheko, kikamshinda, akaketi. Lakini Fundi Msa hakucheka.

"Kusugua ni ujinga," aliniambia, "na ujinga dawa yake mimi. Moshi je? Nkupe dawa gani ya moshi?"

Nililia, mbele ya watu, kijana wa miaka kumi na saba mwenye kanzu iliyopigwa pasi mara mbili.

Mkaguzi aliandika kwamba rupia ile imeondoshwa kwenye mizani, na kwamba mteja arejeshewe chake kabla ya Ijumaa, na kwamba atapita kuhakikisha. Neno kupunja hakuliandika. Alinisomea alichoandika kisha akasema, "Ungenyamaza, karatasi hii ingesomeka vyengine."

Tulikwenda Ng'ambo jioni ile ile, Fundi Msa ameshika bega langu kwa ajili ya macho yake. Aliniachia niseme mwenyewe. Bi Patima alinisikiliza hadi mwisho, sindano imesimama hewani.

"Kwa hiyo kidogo changu kimo kwenye kopo lenu?"

"Naam, Bi Patima. Vipande viwili."

"Na wewe kila siku unapita hapa nakwita, unajua?"

"Naam."

"Hukuona haya?"

"Nliona. Ndo maana nlikuwa nakimbia."

Alinitazama sana. "Alhamdulillahi. Nlidhani unakimbia nsije nkakuposea mke." Kisha akainuka akaingia ndani. Tulisikia kasha likifunguliwa. Alirudi na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake rupia moja, nyeusi tititi. "Ya bibi yangu. Hajapata kuinunulia kitu, aliisahau kashani. Hebu iguse, Fundi."

Fundi Msa aliipapasa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Ndevu zote zimo."

"Basi naitaka yenu ile iliyonyolewa, niwaoneshe watu jinsi walivyo masonara wa mjini. Na hii muitumie mpaka mtakapochoka kupima. Lakini huyu," akaninyooshea sindano, "asiioshe!"

Kuhusu vile vipande viwili, Fundi Msa aliamua. Kuviunga tena kwenye bangili kungeacha kovu. Aliniketisha kwenye fuawe akanipa. "Hii ni dhahabu yako ya kwanza. Mfanyie binti kipini cha pua." Nilikifanya kwa siku mbili. Kilikuwa kidogo na kichwa chake kilielemea upande mmoja, nami niliomba nikiyeyushe nianze tena. Alikataa. "Kiache. Kila ukimwona nacho, utakumbuka." Binti alikivaa arusini.

Nilifanya kazi chini ya Fundi Msa hadi macho yake yalipofunga kabisa, kisha nikawa chini ya sonara mmoja wa Ng'ambo, Fundi wa Mikufu, mtu wa haraka aliyekuwa akinikemea, "Haji, mteja anataka mkufu, hataki msahafu!" Huyo alinipunguzia ugonjwa wa kurudia rudia. Baadaye nilizunguka na kisanduku changu Paje na Uroa, nikitengeneza vikuku na majasi vibarazani, na huko wanawake waliniletea thumni za Malkia niwafanyie vishikizo. Niliwaambia wote lile neno la Fundi Msa la siku ya ubao, kwamba ni nzuri lakini hazina fedha ndani. Wengine walizitaka hivyo hivyo, kwa sababu walipenda taji. Mwisho nilifungua duka langu, na ile rupia ya bibi yake Bi Patima ikahamia kwangu.

Nimestaafu nikiwa nimeridhika. Nimekosea mara nyingi baada ya ile, maana hakuna sonara asiyeunguza, lakini sijafukiza moshi tena. Kosa nalitaja asubuhi ile ile, hata kama mteja bado hajalijua, na nimeona kwamba watu hurudi.

Duka sasa analo mwanangu. Anapima kwa gramu, kwa mizani ya betri, na mteja anajisomea mwenyewe tarakimu kwenye kioo. Tola wanaitaja wazee tu. Thumni ya Malkia imekwisha, shilingi ya simba na milima imekwisha, na sarafu za siku hizi hakuna anayezipima kwa kitu. Rupia ya bibi yake Bi Patima iko ndani ya kijaluba chake, nyeusi, ndevu zote zimo, na haipimi tena chochote.